Kinu Kimoja, Kisu Kimoja: Barua Kutoka Jiko la Wazee

Mwezi huu ukurasa wetu wa jiko na afya utajibu barua moja peke yake, na mwishoni vijiswali viwili vitatu tukipata nafasi. Barua yenyewe ni nzito. Imetoka Gasenyi, kaskazini mwa Bujumbura, upande ule ilipojengwa ikulu mpya iliyokabidhiwa mwaka 2019. Aliyeandika ni mama mmoja, mkimbizi kama wengi wenu. Watoto wake wawili wakubwa wako huku kambini, na yeye amepata kibarua cha kupika kwenye nyumba inayotunza wazee. Jina lake hatulisemi, wala nyumba hiyo hatuitaji, maana kibarua ni kibarua.

Anasema wazee ni kumi na wanne, na watatu kati yao hawaamki kitandani. Yeye ndiye anapika, ndiye anaosha vyombo, na msaidizi asipofika ndiye anageuza na kusafisha wale wa kitandani. Anaandika hivi, kwa ufupi: “Chakula changu kinaiva. Nyama naichemsha hadi inaachana na mfupa. Maji ya kunywa nachemsha. Lakini kila baada ya wiki mbili tatu wazee wanaharisha, leo wawili, kesho watano. Mwezi wa pili tulizika bibi mmoja. Wenye nyumba sasa wananiangalia mimi. Kosa langu liko wapi?”

Mama, barua yako tumeisoma zaidi ya mara moja, na wahudumu wa afya wa hapa kambini wameisoma pamoja na sisi. Hatukufika Gasenyi, kwa hiyo hatuwezi kuapa. Lakini karibu na mwisho wa barua umetuandikia vyombo vya jiko lako: kisu kimoja kikubwa, kibao kimoja cha kukatia, kinu kimoja, beseni mbili, sufuria tatu na kitambaa kimoja cha kufutia. Muhudumu mmoja aliposoma hapo aliweka kidole kwenye karatasi akasema, basi, tumefika.

Tueleze pole pole. Moto unaua vijidudu. Hilo unalijua na unalifanya vizuri. Nyama ikiiva kweli hadi ndani, vile vijidudu vya kuhara vilivyokuwa ndani yake vimekwisha. Lakini chakula kikiisha kutoka motoni hakina ulinzi tena. Ukikikata kwa kisu kile kile kilichopasua kuku mbichi asubuhi, ukakiweka kwenye kibao kile kile, ukafuta sahani kwa kitambaa kile kile, vijidudu vinarudi kwa mlango wa nyuma. Na safari hii hakuna moto wa kuviua, maana chakula kinakwenda moja kwa moja mdomoni mwa mzee. Wataalamu wana jina refu la jambo hili. Sisi tutaliita kuhama kwa vijidudu. Watu wa kambi wanajua kuhama ni nini, hawahitaji kufundishwa.

Tena vijidudu havionekani. Nyama inaweza kunukia vizuri, rangi nzuri, ladha nzuri, na imebeba ugonjwa. Ndiyo maana mpishi mwaminifu anaweza kulaumiwa mwaka mzima bila kuelewa analaumiwa kwa nini.

YALIYOTOKEA KWA WENGINE

Msifikiri mambo haya ni ya majiko ya maskini tu. Mwezi wa nane mwaka 1984, kule Uingereza, katika mji wa Wakefield, kulikuwa na hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili iliyoitwa Stanley Royd. Wengi wa waliolazwa pale walikuwa wazee. Ghafla watu wakaanza kuhara na kutapika. Waliugua wagonjwa 355 na wafanyakazi 106, na wagonjwa 19 wakafa. Serikali ikaunda tume ya uchunguzi. Kilichoonekana ni kwamba, kwa uwezekano mkubwa, nyama ya ng’ombe iliyokwisha kuiva ilipata vijidudu vya salmonela kutoka kwa kuku wabichi mle mle jikoni, halafu ikakaa saa nyingi kwenye joto bila kuwekwa kwenye frigo, kisha ikaliwa ya baridi. Nyama ilikuwa imeiva, angalieni hapo! Waliohamisha ugonjwa ni kuku waliokuwa jirani yake. Wakati ule hospitali za serikali ya Uingereza hazikuweza kushitakiwa kwa sheria za usafi wa chakula. Baada ya vifo vile, mwaka 1986 sheria ikabadilishwa.

Mwaka mmoja baada ya Wakefield, mwezi wa tisa 1985, msiba mwingine ukatokea katika nyumba ya wazee mjini London. Si London ile ya Uingereza, ni ile ya Kanada, katika jimbo la Ontario. Nyumba ilikuwa na wazee 169. Waliougua ni 55, na kati yao 19 wakafa. Wafanyakazi 18 nao waliugua. Kijidudu chenyewe ni aina kali ya E. koli, ile inayoleta kuhara damu na kuharibu figo. Madaktari waliochunguza waliona ugonjwa ulikuja kwa mawimbi mawili. Wimbi la kwanza lilitoka, kwa uwezekano mkubwa, kwenye mikate iliyojazwa vipande vya nyama na jibini. Wimbi la pili lilitoka kwa mtu hadi mtu, yaani kwa mikono na huduma za kitandani.

Kutoka huko Kanada tunataka uchukue mambo mawili, Mama. La kwanza ni siku. Kati ya kula na kuugua zilipita siku 4 hadi 9. Sasa nani anakumbuka alichopika siku tisa zilizopita? Mzee akihara leo, kila mtu anakitazama chakula cha jana, kumbe cha jana hakina hatia. Si kila kijidudu kinakawia hivyo, vingine vinaanza baada ya saa chache tu, lakini ndiyo sababu kukisia peke yake hakusaidii. La pili ni kwamba jiko na kitanda ni nyumba moja. Ukisafisha jiko ukasahau mikono inayotoka kitandani, umefunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi.

Na kwa nini wazee? Kijana akimeza vijidudu kidogo, asidi ya tumbo lake inaviua vingi, na akihara siku mbili anaamka. Kwa wazee wengi asidi imepungua, nguvu ya mwili ya kupigana imepungua, na maji mwilini ni machache tangu mwanzo, maana wazee wengi hawasikii kiu. Siku moja ya kuhara inaweza kumlaza. Siku tatu zinaweza kumwondoa.

KINU

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu, kwa sababu hatujawahi kukiona kwenye karatasi yoyote ya mafunzo. Umeandika kwamba wazee watano hawana meno, na wewe kwa huruma yako unawapondea chakula kwenye kinu baada ya kukipika: nyama, viazi, maharage. Ni jambo zuri sana. Lakini kinu chenyewe ni kile kile unachotwangia sombe mbichi.

Fikiria majani ya muhogo yanakotoka. Yametoka shambani, yamegusa udongo, yamenyunyiziwa maji ya mfereji, yamebebwa kwenye gunia, yamelala chini sokoni Cotebu au Siyoni. Unayatwanga mabichi, na hilo halina ubaya, maana sombe inachemshwa saa nyingi. Lakini majimaji yake yanaingia kwenye nyufa za mti. Ukisuuza kinu kwa maji ya baridi, nyufa zinabaki na unyevu na mabaki. Jioni unaponda nyama iliyoiva humo humo, na kumlisha bibi bila kuirudisha motoni. Tazama sasa ni nani anapata chakula kile: si mwenye meno, ni yule dhaifu kuliko wote. Hatusemi ndiyo iliyomuua yule bibi, hilo hatulijui. Tunasema kinu hicho kisiguse tena chakula kilichoiva.

Basi utafanyaje? Njia nyepesi ni kuacha kuponda kwenye kinu. Chukua sufuria safi na mwiko imara, ponda chakula ndani ya sufuria ile ile kilimopikwa, ongeza mchuzi kidogo, halafu rudisha kwenye mbabura hadi kichemke tena, ndipo uache kipoe kidogo na kulisha. Nyama ngumu ichemshe zaidi, au ikate vipande vidogo sana kabla ya kuipika. Kama nyumba inaweza kununua kinu kidogo cha pili, kiwe cha vilivyoiva peke yake, kioshwe kwa sabuni na brashi, kimwagiwe maji yanayochemka, kisha kianikwe juani kikauke kabisa. Mti uliokauka hauvipendezi vijidudu, mti wenye unyevu ni nyumba yao.

KUKU WA JUMAPILI

Umesema Jumapili mnachinja kuku wawili. Wasomaji wengi huku kambini nao wanachinja wenyewe wanapobahatika, kwa hiyo sehemu hii ni ya wote.

Kuku hubeba vijidudu matumboni bila yeye mwenyewe kuugua. Ukimpasua, matumbo yakachanika, vinamwagika kwenye nyama, kisu, mikono na beseni. Ukimwosha chini ya bomba kwa nguvu, matone yanaruka hadi kwenye vyombo safi vilivyo karibu. Kwa hiyo kuku achinjwe, anyonyolewe na kupasuliwa nje, mbali na mahali pa kupakulia. Matumbo yatiwe shimoni na kufukiwa, yasitupwe kwa mbwa pale mlangoni. Kama ni lazima kumsafisha kwa maji, asafishwe pole pole ndani ya beseni yake, na maji yale yamwagwe mbali na kisima na mbali na mboga. Tukisema ukweli, kumwosha kuku hakumfanyi salama. Kinachomfanya salama ni moto. Kuosha kunaondoa manyoya na damu tu.

Kisha acha kila kitu, nawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, ndipo ushike kingine. Usishike chumvi kwanza! Kopo la chumvi ni kitu kinachosahauliwa katika kila jiko. Mikono yenye damu ya kuku inaingia mle, na kesho chumvi ile ile inanyunyizwa juu ya parachichi. Weka kijiko ndani ya kopo, na chumvi ya kuku itoe pembeni kabla ya kuanza kazi.

Samaki naye ni hivyo hivyo. Mukeke mbichi asilale kwenye frigo juu ya chakula kilichoiva, maana maji yake yanadondoka. Vibichi vikae chini, vilivyoiva vikae juu na vifunikwe. Ndagala wakavu wengi wanawaona hawana shida, lakini wameanikwa nje, wamepitiwa na nzi na mikono mingi. Wakae kwenye mfuko wao, mbali na mkate, wapikwe waive.

KAMA KISU NI KIMOJA

Kwenye majiko makubwa ya Uingereza mbao za kukatia zina rangi: nyekundu ni ya nyama mbichi, buluu samaki mbichi, njano nyama iliyoiva, kijani saladi na matunda, kahawia mboga za mizizi, nyeupe mkate na maziwa. Baadhi ya ndugu zetu waliopelekwa Marekani na Kanada wamepata kazi ya kwanza kwenye majiko ya nyumba za wazee, na mambo ya kutenganisha vibichi na vilivyoiva ndiyo wanafundishwa mapema, hata kabla hawajashika lugha vizuri. Anayesubiri safari anaweza kuanza kujizoeza leo, ni bure.

Mama, wewe huhitaji rangi sita. Unahitaji seti mbili: ya vibichi na ya vilivyoiva. Kibao cha pili hata seremala wa mtaani anaweza kukupatia kwa kipande cha mbao ngumu kilichopigwa randa. Kisu cha pili ni gharama, tunajua. Mwombe mwenye nyumba, tena mwombe ukiwa na gazeti hili mkononi. Kisu na kibao ni rahisi kuliko gari la kumpeleka mzee hospitalini usiku. Halafu tia alama isiyofutika: pasha msumari moto, choma msalaba kwenye mpini wa kisu cha nyama mbichi na ukingoni mwa kibao chake. Hata msaidizi asiyejua kusoma ataelewa. Beseni nayo ifungwe uzi mwekundu.

Mpaka kisu cha pili kifike, panga kazi kwa zamu. Anza na vinavyoliwa bila kupikwa, kama matunda, nyanya na mkate. Kata, funika, weka mbali. Fuata na mboga za kupikwa. Nyama na samaki wabichi wawe wa mwisho. Ukimaliza, osha kisu na kibao kwa maji ya moto na sabuni, sugua, mwagia maji yanayochemka, anika. Ukikosea mpangilio, osha katikati. Kwa maji ya Regideso yanavyokatika, weka bidoni moja iliyojaa na kufunikwa kwa kazi hii tu, isichotwe kwa ajili ya kufulia.

Kuhusu beseni, hapa tunasema kwa ukali kidogo. Beseni mbili ulizonazo, umeandika moja ni ya mboga na vyombo, ya pili ni ya “kazi nyingine”, na siku ya nguo nyingi zote mbili zinafanya kazi. Beseni iliyopokea nguo zenye kinyesi za mzee isirudi jikoni kamwe. Hata ukiiosha. Hata ikiwa mpya. Ikae upande wa kitanda, na ya jikoni ikae jikoni.

Kitambaa je? Kile kimoja kinachofuta meza, sahani, mikono na jasho kinabeba ugonjwa kuliko choo kilichosafishwa vizuri. Sahani ziache zikauke zenyewe kwenye kichanja juani, hazihitaji kufutwa. Kwa meza, kata shuka kuukuu vipande saba, kila siku kipande kimoja, na jioni kichemshwe. Mikono ikaushwe hewani, ukiipepea kidogo tu imekauka.

MIKONO INAYOTOKA KITANDANI

Siku msaidizi hafiki, unageuza wazee, unasafisha, unarudi kwenye sufuria. Tungependa kukuambia usifanye kazi mbili, lakini tunajua nani atazifanya usipozifanya wewe. Basi badili mpangilio: pika kwanza, lisha, funika, ndipo uende kwenye usafi wa kitanda. Ikilazimika kukatiza katikati, vua kitenge cha kazi ya kitandani na kukiacha huko huko, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa kuhesabu hadi ishirini bila haraka, pamoja na chini ya kucha. Kucha ziwe fupi. Kidonda kidoleni kifungwe kitambaa safi na juu yake mfuko wa plastiki au glavu. Kulisha wazee wawili kwa kijiko kimoja, hapana, hata kama ni mume na mke.

Na sasa neno kwa wenye nyumba za namna hii, kama gazeti litawafikia. Mpishi anayehara hafai kupika, na akae bila kupika hadi zipite saa 48 tangu kuhara kuishe. Ndivyo majiko ya nyumba za wazee katika nchi nyingi yanavyofanya. Lakini mpishi wa kibarua, siku asiyofika hailipwi. Watoto wake watakula nini? Ndiyo maana wapishi wengi wanakaa kimya, wanameza dawa ya kufunga tumbo na kushika mwiko. Mkitaka awaambie ukweli, mlipeni siku hizo mbili. Ukimya wake utawagharimu zaidi.

CHAKULA KILICHOBAKI

Umeuliza kama unaweza kuchukua mabaki kupelekea wajukuu unaoishi nao pale mtaani. Kuna mabaki ya aina mbili. Yaliyobaki kwenye sufuria, ambayo hayajaguswa na kijiko cha mtu, na hayajakaa nje zaidi ya saa mbili, chukua kwa ruhusa ya mwenye nyumba, yafunike, na ukifika yachemshe upya hadi yatoe mvuke mwingi, siyo vuguvugu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa bango lake la mambo matano ya chakula salama mwaka 2001, saa mbili hizo zilikuwemo, pamoja na kipimo cha nyuzi 70 za moto kwa chakula kuiva hadi ndani. Bujumbura ni joto mwaka mzima, saa mbili si nyingi kule. Mabaki ya sahani za wazee ni jambo lingine kabisa, hasa za wale wanaohara. Hayo yaende shimoni. Tunajua inauma kutupa chakula mbele ya njaa. Watoto wadogo nao ni dhaifu kama wazee, usiwahamishie.

Wali na maharage ya jana yanahitaji tahadhari ya pekee. Kuna kijidudu cha wali ambacho sumu yake haifi hata ukiupasha. Pika wa kutosha siku ile. Ukibaki na mnayo frigo yenye umeme wa kuaminika, tandaza kwenye sahani pana upoe haraka, uweke ndani. Umeme ukikatika usiku kucha, usijaribu bahati.

MZEE AKISHAUGUA

Mpe maji ya chumvi na sukari mara moja, usisubiri. Pakiti za kituo cha afya ndizo bora. Zikikosekana: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Onja. Isiwe na chumvi kuliko machozi. Anywe kidogo kidogo, hata kwa kijiko. Sahani, kikombe na kijiko chake vioshwe mwisho na kuchemshwa.

Akihara damu, akilegea, akichanganyikiwa, mkojo ukiwa haba, au kuhara kukiwa kama maji ya mchele, hiyo ni ya kituo cha afya saa hiyo hiyo. Tarehe 1 Januari 2023 Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, na Bujumbura ilikuwa ndani yake, kwa hiyo tusifanye mchezo na jambo hili. Na msinunue antibiotiki dukani kwa kukisia. Kwa aina fulani za kuhara, kama ile ya Kanada, dawa hizo zinaweza kuongeza madhara. Daktari ndiye aseme.

Jambo moja zaidi, Mama. Nunua daftari. Kila siku andika mistari mitatu: tumekula nini, nani amehara, nani amepika. Baada ya miezi miwili utaona mwenyewe kama kuhara kunafuata siku za kuku, au siku za sombe ya kupondwa, au siku ambazo msaidizi hakufika. Wenye nyumba wakikuangalia tena vibaya, fungua daftari muangalie pamoja.

VIJISWALI VYA WENGINE

Baba mmoja anauliza javeli inachanganywaje kwa meza na mbao za jikoni. Soma kibandiko kwanza. Kama imeandikwa asilimia 3.5, kijiko kimoja kikubwa cha chakula kwa lita 3 za maji ya kawaida. Osha kwanza kwa sabuni na usuuze, maana javeli haifanyi kazi juu ya uchafu. Paka, ngoja dakika chache, acha ikauke. Usichanganye na siki wala na dawa nyingine ya choo, inatoa moshi wa sumu. Tengeneza mpya kila siku. Kwa matapishi na kinyesi cha mgonjwa wa kipindupindu mchanganyiko ni mkali zaidi, uombe kwa wahudumu wa afya wenyewe.

Dada wa block ya pili anauliza kama kibao cha plastiki kinashinda cha mbao. Si lazima. Vyote viwili ni vizuri vikioshwa na kukaushwa. Kikiwa na makovu ya kisu ya kina, kimekwisha, kiwe kuni. Cha plastiki usikichome, moshi wake mbaya.

Na aliyeuliza kama majivu yanaweza kushika nafasi ya sabuni: sabuni kwanza. Ikiisha kabla ya mgao, majivu safi ya mbabura yaliyopoa yanasaidia kwa mikono, suuza vizuri.

Barua za mwezi ujao ziletwe kabla ya tarehe 20.